MCHEZA KWAO HUTUNZWA: JE, SISI TUNAMTUNZA?

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na katika mitihani tumeikamilisha mara nyingi tukapata alama yetu moja na kufurahi. Lakini leo, wasomaji wapenzi, nataka tuiulize swali ambalo mtihani hauulizi: je, ni kweli? Maoni yangu ni kwamba methali hii si habari, ni amri. Mcheza kwao hatunzwi mpaka awepo mtu wa kumtunza. Na pale anapokosa wa kumtunza, mpita njia ataokota mchezo wake, atautia mfukoni na kwenda zake, kisha sisi tutaamka tumechelewa na kuanza kulia, "Jamani, huo ulikuwa wetu!"

Shahidi wangu katika jambo hili ni mtu mmoja na saksafoni yake. Anaitwa Manu Dibango, mzaliwa wa Kameruni.

Najua wengi watauliza, "Dibango gani tena huyo?" Basi hebu nianze na mtu mnayemjua. Ni nani katika shule hii aliyewahi kupanda matatu yenye spika kubwa na hajausikia wimbo wa Rihanna wa mwaka wa 2007, "Don't Stop the Music"? Ndani yake kuna kiitikio kinachorudiwarudiwa, maneno yanayoanza na "ma" yakifuatana kama mtu mwenye kigugumizi. Wale wenye wazazi wapenda muziki watasema kiitikio hicho si cha Rihanna, ni cha Michael Jackson, kwa kuwa kimo mwishoni mwa wimbo unaofungua albamu yake ya "Thriller" ya mwaka wa 1982. Hapo watu hunyamaza, wakidhani wamefika kwenye chemchemi ya mto. Hawajafika. Chemchemi yenyewe iko Douala, na lugha yake ni Kiduala.

Emmanuel N'Djoké Dibango alizaliwa mjini Douala tarehe 12 Desemba 1933. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali. Mama yake alikuwa mshonaji nguo, tena mwongozaji wa kwaya katika kanisa la Kiprotestanti. Kwa hivyo mtoto huyu alianza kusikia sauti zikipangwa kabla hajajua kwamba kupanga sauti ni kazi ya mtu kulipwa. Mwaka wa 1949, akiwa na umri wa miaka 15, alipelekwa Ufaransa kusoma. Alisafiri kwa meli siku 21 mpaka Marseille. Na unajua alibeba nini cha kuwapa wenyeji waliompokea? Kilo tatu za kahawa! Enzi hizo, baada ya Vita Vikuu vya Pili, kahawa ilikuwa kitu adimu kule, na hiyo ndiyo iliyokuwa malipo yake ya mwanzo. Alipoandika kitabu cha maisha yake mwaka wa 1989 alikiita "Trois kilos de café", yaani kilo tatu za kahawa. Nyinyi ambao kwenu mnachuma kahawa mnajua kilo tatu ni mzigo mdogo kiasi gani mtu kuanzia nao maisha ugenini.

Huko Ufaransa alijifunza piano, kisha akaishika saksafoni. Alikutana na Mkameruni mwenzake, Francis Bebey, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanamuziki na mwandishi mashuhuri, na pamoja wakazama katika muziki wa jazi. Walimu wetu watanisamehe kwa sehemu hii inayofuata, lakini ukweli ni ukweli: mtihani wake wa mwisho wa sekondari alianguka. Baba akakasirika na kuacha kumtumia pesa. Mwaka wa 1956 kijana akahamia Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, akawa anajilisha kwa kupiga muziki katika kumbi za usiku. Sisemi tuanguke mitihani ndipo tuwe mashuhuri. La hasha! Ninachosema ni kwamba kuanzia hapo muziki kwake haukuwa mchezo wa jioni. Ulikuwa unga wa siku.

Wale wanaopenda Lingala wasikilize hapa. Mwaka wa 1960 viongozi wa Kongo walikuwa Brussels wakizungumzia uhuru wao, na bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele ilikuwa huko pia, ikatoa ule wimbo wa uhuru ulioenea Afrika nzima, "Indépendance Cha Cha". Dibango alikuja kujuana na Kabasele, akarekodi naye, na mwaka wa 1961 akaenda naye Léopoldville, mji ambao sasa unaitwa Kinshasa. Hapo ndipo alipojifunza somo ambalo Ulaya haikumfundisha: kwamba Mwafrika anaweza kuimba kwa lugha yake, akapigiwa makofi na Waafrika wenzake, na santuri zikanunuliwa. Baadaye alirudi Kameruni, kisha mwaka wa 1965 akarejea tena Ufaransa, akawa mpigaji katika bendi za waimbaji wa Kifaransa. Jina kubwa kwenye bango lilikuwa la mwimbaji. Yeye alikuwa yule mtu wa nyuma.

Sasa tuje kwenye kiini. Mwaka wa 1972 Kameruni ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya nane ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Dibango akatunga wimbo wa kuyasifu mashindano hayo. Huo ukawekwa upande wa kwanza wa santuri, kwa kuwa ndio uliotakiwa. Santuri ina pande mbili, na upande wa pili huwezi kuuacha mtupu, kwa hivyo akaweka kitu chake mwenyewe. Alichukua makossa, ngoma ya vijana wa Douala, akaichanganya na mapigo ya Wamarekani weusi, akauita wimbo huo "Soul Makossa".

Kwa wasiojua, mapigo hayo ya Marekani yanaitwa fanki, na aliyeyatia nguvu zaidi katika miaka ya 1960 ni James Brown. Katika fanki gita la besi na ngoma ndivyo vinavyoongoza msafara. Pigo la kwanza hukanyagwa kwa kishindo. Saksafoni haibembelezi kama kwenye nyimbo za mapenzi. Inakata maneno mafupi mafupi kama watu wawili wanaojibizana sokoni. Dibango aliiweka saksafoni yake hapo, na juu yake akatia sauti yake nzito akilichezea neno makossa, akalikatakata na kulirudia mpaka likawa ngoma lenyewe. Alipokuwa akifanya mazoezi nyumbani kwa wazazi wake Douala, watoto wa mtaa walisimama kusikiliza, wakaangua kicheko. Waliona analiharibu neno lao.

Tafadhali kikumbukeni kicheko hicho, maana nitakirudia.

Mashindano yakafika. Kameruni ilifungwa bao 1 kwa 0 na Kongo-Brazzaville katika nusu fainali, ikaishia nafasi ya tatu. Wimbo wa upande wa kwanza ukaisha pamoja na mashindano yenyewe. Nani anaimba wimbo wa kombe alilolikosa? Lakini ule wa upande wa pili ulisafiri. Santuri chache zilifika New York, na mcheza santuri mmoja, David Mancuso, akaipata katika duka la muziki wa watu wa Karibiani huko Brooklyn. Akaipiga kwenye karamu zake, watu wakapagawa. Kituo cha redio kikaichukua. Santuri zikaisha madukani, watu wakawa wanaitafuta kama sukari wakati wa uhaba, na bendi nyingine zikarekodi nakala zake upesi ili zile faida kabla mwenyewe hajafika. Mwaka wa 1973 kampuni ya Atlantic ikaitoa rasmi huko Marekani, ikapanda mpaka nafasi ya 35 katika orodha ya nyimbo 100 bora za Billboard. Mwaka huohuo Dibango alipiga saksafoni yake katika ukumbi wa Apollo, Harlem, mahali ambapo James Brown mwenyewe alijengea jina.

Hebu fikirini. Mmarekani wa New York hajui Kiduala hata neno moja, ila anakiimba Kiduala barabarani. Hakuna aliyemwambia Dibango, "Tafsiri kwanza ndipo tukuelewe." Kizuri chajiuza.

Lakini kizuri kisicho na mlinzi huuzwa na wengine. Miaka kama kumi ikapita, kile kiitikio kikatokea kwenye "Thriller", albamu ambayo imeuzwa kuliko zote duniani, bila jina la Dibango. Akadai haki yake, wakaelewana nje ya mahakama, akalipwa. Mwaka wa 2007 kikatokea tena kwa Rihanna. Safari hii ruhusa iliombwa, ila iliombwa kwa Michael Jackson! Ni kama mtu anayetaka kulala katika nyumba yako akaenda kuomba ufunguo kwa jirani, na jirani akampa. Hakimu mmoja nchini Ufaransa akaamuru jina la Dibango liandikwe kwenye nakala za baadaye za wimbo huo zitakazotolewa Ufaransa. Mwaka wa 2009, akiwa na umri wa miaka 75, alirudi mahakamani Paris akidai fidia ya euro 500,000, lakini dai hilo likakataliwa, kwa sababu katika kesi ile ya kwanza alikuwa amekubali kuondoa mashtaka. Mzee wa miaka 75 anatafuta jina lake kwenye karatasi ya wimbo ambao dunia nzima inaucheza! Mimi nilipoisoma habari hiyo iliniuma.

Wala si yeye peke yake. Mkameruni mwingine, André-Marie Tala, alisikia wimbo wake "Hot Koki" ndani ya wimbo wa James Brown uliokuwa na jina jingine. Akashtaki, akashinda. Kumbe hata baba wa fanki alikuwa anakopa Afrika bila kuandika deni.

Sasa kuna wenzangu watakaonipinga, na wana haki. Wa kwanza atasema, "Huyo Dibango wako alikimbilia Ulaya, na saksafoni yenyewe ni ya Wazungu. Mbona unamfanya shujaa wa mambo ya kwetu?" Ni kweli, saksafoni haikuzaliwa Douala. Iliundwa na Mbelgiji, Adolphe Sax, aliyepata hataza yake mwaka wa 1846. Lakini ninyi wanachama wa Chama cha Kiswahili ndio mnaopaswa kunielewa upesi kuliko wote. Neno kitabu lilitoka kwa Waarabu. Tulilipokea, tukaliona lina "ki" mwanzoni, tukasema basi vikiwa vingi ni vitabu. Mwarabu hasemi vitabu! Hiyo ndiyo nguvu ya lugha: inakopa neno, inalivisha kanzu yake, inalikalisha mkekani na watoto wa nyumbani. Meza tuliitoa kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, na leo nani atasema si Kiswahili? Dibango aliifanyia saksafoni vivyo hivyo. Alikopa chombo, lakini neno la kwao hakuliacha. Anayestahili kulaumiwa si mkopaji. Ni yule anayekopa cha watu huku akitupa chake, na yule anayekopa akaficha jina la mwenye mali.

Wa pili atasema, "Kuigwa ni sifa. Bila Michael Jackson wewe ungemjuaje Dibango?" Hapana, ndugu yangu. Wimbo huo ulikuwa umeshafika Apollo miaka tisa kabla ya "Thriller". Tena kuigwa ni sifa pale tu jina linaposafiri pamoja na kitu. Jina likibaki nyuma, hiyo si sifa, ni kunyang'anywa kwa adabu.

Nimesema maneno mengi ya Kameruni na Marekani, na mtu anaweza kujiuliza yanatuhusu nini sisi tunaokuja shuleni kila asubuhi kwa miguu na mkoba mgongoni. Yanatuhusu. Nilisema nitakirudia kile kicheko cha watoto wa Douala. Kicheko hicho kiko hapa. Siku ya tamasha la kufunga muhula, mwanafunzi akipanda jukwaani na wimbo wa Kiingereza wa redioni, hata akikosea nusu ya maneno, ukumbi unashangilia. Mwenzake akipanda na wimbo wa kwao, miluzi inaanza kabla hajafungua kinywa. "Mshamba! Mshuke!" Mtu akizungumza Kiswahili sanifu wakati wa mapumziko ataulizwa kama anasoma taarifa ya habari. Na akitokea mwenye lafudhi ya kwao, ataigizwa wiki nzima. Tuseme ukweli: sisi ndio tunaoziweka nyimbo zetu na lugha zetu upande wa pili wa santuri. Halafu siku msanii wa mbali atakapochukua pigo la kwetu na kulirudisha likiwa na jina lake, sisi haohao ndio tutakaolishangilia kwenye matatu.

Na je, majina tunayaandika? Kila mwaka wanafunzi katika shule zetu wanaimba nyimbo za kienyeji katika mashindano ya muziki. Mara nyingi wimbo huo umefundishwa na nyanya fulani kijijini, ambaye alikaa na wanafunzi siku kadhaa, akawaonyesha mahali pa kuinua bega na mahali pa kupiga kigelegele. Ukitazama karatasi ya programu utaona jina la shule na jina la mwalimu. Nyanya yuko wapi? Ameandikwa "wimbo wa jadi". Jadi ni nani? Jadi hana miguu wala hakuja mazoezini! Hata "Malaika", wimbo ambao umeimbwa duniani kote kwa Kiswahili, mpaka leo watu wanabishania ni nani hasa aliyeutunga. Yote ni kwa sababu mwanzoni hakuna aliyeona ni jambo la maana kuandika vizuri.

Kwa hivyo sitaki kumaliza kwa kulalamika tu, maana kulalamika hakuhitaji akili. Naomba chama chetu kifanye mambo matatu.

Kwanza, katika kila tamasha la shule, nafasi ya kufungua iwe ya wimbo au shairi la Kiswahili au la lugha zetu za nyumbani. Tusiliweke mwishoni watu wakiwa wanaokota viti. Liwe upande wa kwanza wa santuri.

Pili, kila wimbo unaoimbwa na kila hadithi inayosimuliwa iandikwe jina la aliyeitoa. Kama ni nyanya, jina la nyanya. Kama ni mlinzi wa lango aliyetufundisha ngoma ya kwao, jina lake. Hata katika gazeti hili, anayeleta shairi alilolisikia kwa mtu aseme amelisikia kwa nani. Dibango alihitaji hakimu ili jina lake liandikwe. Sisi tunahitaji kalamu tu.

Tatu, tuwarekodi wazee wetu. Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati ambayo wenzetu wa bweni hawana: kila jioni tunarudi nyumbani. Jumamosi moja tu, chukua simu ya mzazi kwa ruhusa, mketishe nyanya au babu, muulize wimbo aliouimba akiwa na umri wako, nani alimfundisha na ulikuwa wa shughuli gani. Andika tarehe. Chama kihifadhi. Ndani ya miaka mitano tutakuwa na hazina ambayo hakuna atakayeweza kuituhumu kwamba haina mwenyewe.

Manu Dibango alifariki dunia nchini Ufaransa tarehe 24 Machi 2020, akiwa na umri wa miaka 86, kwa ugonjwa wa Covid-19. Alikuwa amepiga saksafoni zaidi ya nusu karne. Alikuwa ameongoza bendi ya redio na televisheni ya Kodivaa huko Abidjan, na mwaka wa 2004 UNESCO ilikuwa imemtangaza Msanii wa Amani. Kwa hivyo mwishowe alitunzwa, siwezi kukataa. Ila alitunzwa baada ya kuzunguka dunia na kugonga milango ya mahakama. Wangapi wanaweza kuzunguka hivyo? Nyanya wa kijijini hatakwenda Paris kushtaki. Yeye hakimu wake ni sisi, na kesi yake inasikizwa siku ya tamasha, pale anapopanda mwanafunzi na wimbo wake na ukumbi kuamua kama utacheka au utasikiliza.

Mcheza kwao hutunzwa. Sasa tuitimize.